Kambi ya Mawe na Sima Niliyoipa

Niliwahi kuangusha ngome ambayo hakuna jeshi lililoweza kuiangusha. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Majeshi mengi yamepita barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru na Bunagana, na karibu kila moja limelala ndani ya Kambi ya Mawe, likaota moto humo, likaondoka, na ukuta ukabaki vilevile. Nikaja mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na mifuko kumi ya saruji na nia njema, nikauangusha upande mmoja kwa msimu mmoja wa mvua.

Kambi ya Mawe iko mbele kidogo ya Kibati, nyumbani kwa wazazi wangu, pale barabara inapopinda. Mgeni anaweza kuipita bila kuiona, maana imejengwa kwa mawe meusi ya volkano juu ya ardhi nyeusi ya volkano. Ni pande nne za ukuta, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, mnene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kulala juu yake kwa upana na miguu isining'inie. Mlango ni mmoja, unaotazama barabara. Paa liliondoka kabla sijazaliwa. Hakuna sima hata kijiko ndani ya ukuta ule. Sima ndilo jina letu la saruji, na nitalitaja sana katika habari hii, kwa aibu.

Mambo ya ngome hii sikuyapata kitabuni, niliyapata kwa baba yangu, na baba aliyapata kwa babu yake, mmoja wa waliojenga. Wakati wa Wabelgiji njia hii ilikuwa ya miguu na ya vichwa. Chumvi ilitoka ng'ambo ya mpaka, maharage na tumbaku vilishuka kutoka milima ya Masisi, samaki wakavu walipanda kutoka ziwani, na vyote vilikutana pale kwenye kona. Penye mizigo pana wezi. Ofisa mmoja akatumwa ajenge ngome, aweke askari, wasafiri wapite salama, na serikali nayo ichukue fungu lake kabla hawajapita. Ofisa aliagiza sima. Ilibebwa kwa vichwa majuma mengi katika mvua, na ilipofika, kila pipa lilikuwa limeganda likawa jiwe moja kubwa la duara. Baba alipenda sana sehemu hiyo. Alikuwa akisema mapipa yale yalitupwa mahali fulani chini ya lava, na kwamba yaache huko huko.

Basi ofisa akawakusanya wachungaji wa ng'ombe wa vilimani, kwa kuwa aliona mazizi yao yamezungushwa kuta za mawe makavu ambazo fahali hawezi kuzisukuma. Babu ya baba alikuwa mmoja wao. Hawakuulizwa kama wanataka. Walijenga na kiboko kikiwa karibu, bila mshahara, wake zao wakiwaletea viazi. Hili huwa nawaambia wanafunzi wangu kwanza kabisa, wasije wakadhani naisifu kambi kwa ajili ya aliyeiagiza. Namsifu aliyelazimishwa kujenga akakataa kujenga vibaya. Angeweza kupanga mawe ovyo yaanguke mwaka uliofuata, na nani angemlaumu? Alipanga kama anajengea ng'ombe wake mwenyewe.

Askari waliondoka, wakaja wengine, nchi ikapata uhuru, ngome ikawa ghala la maharage, kisha mahali pa sala kwa wakristo wasio na kanisa, kisha darasa. Mlima ulipotema moto, watu walilala humo na magodoro yao. Vita vilipowafukuza watu vilimani, walilala humo tena. Mama yangu, aliyekuwa akifanya biashara ya maharage hadi Bunagana, alikuwa akipumzika kwenye kivuli chake kila safari, na anasema ndipo alipomwona baba mara ya kwanza, kijana mwenye nyundo, anaongea na ukuta.

Baba hakuwa na cheo chochote pale. Alikuwa masoni, mjenzi wa misingi ya nyumba mjini Goma, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Lakini kila baada ya mvua kubwa alizunguka Kambi ya Mawe polepole, kiganja kikigusa ukuta, akirudisha jiwe lililochomoka. Hakuna aliyemtuma. Nikiwa mdogo nilimfuata, na nilidhani kila baba duniani ana ukuta wake.

Halafu nikasoma. Nikapata diploma ya ualimu, nikaajiriwa Goma, nikawa nawaleta wanafunzi wa darasa la sita kuona ngome mara moja kwa mwaka. Kila mwaka niliziona nyufa. Mwanga ulipenya kati ya mawe, mijusi iliingia upande mmoja ikatokea wa pili, na mimi nilipatwa na uchungu. Mtu wa Goma ataelewa uchungu ule. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za mbao juu ya lava, na ndoto ya kila familia ni nyumba ya dirabu, yaani ya matofali na sima, nyumba ambayo ukiipiga ngumi unaumia wewe. Ukimpenda mtu unamtakia dirabu. Nilipoitazama kambi yetu, yenye heshima yote ile, nikaiona kama mzee anayelala nje. Nikaamua naye apate sima.

Nilichangisha. Wazazi wa wanafunzi walitoa walichokuwa nacho, wengine wakiwa bado hawana sima ya jikoni kwao. Tukapanga kufanya kazi siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Ijumaa yake nilikwenda kumwambia baba, nikitegemea atafurahi. Alikuwa ameketi uani, mikono yake katika beseni la maji ya moto, kwa kuwa vidole vilikwisha kuanza kuvimba na kupinda.

"Mutaweka sima wapi?" akauliza.

"Ku nyufa, Papa. Nje na ndani. Tutafunga zote."

Aliyatazama maji.

"Mama," akasema, maana huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake, "ile ukuta inatembea. Mulima ikitetemeka, mawe inacheza kidogo, inarudi ku nafasi yake. Mvua ikinyesha, maji inaingia juu, inatokea chini. Ukiifunga, itacheza wapi? Maji itatokea wapi?"

"Papa, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ile methali ni ya batu ya nyumba ya udongo," akasema.

Ningecheka, maana lilikuwa jibu zuri. Badala yake nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha kuwaahidi wazazi, direkta wa shule alikuwa amekwisha kunisifu mbele ya wenzangu, na hapa mzee mwenye mikono katika beseni ananifundisha mimi. Nikamwambia, "Papa, weye ulisoma wapi?"

Baba aliishia darasa la pili. Alitoa mikono yake majini, akaifuta moja moja, akasema, "Kweli, sikusoma." Kisha akamwita mama aniletee chakula. Katika maneno yote niliyowahi kusema, hilo ndilo ningelirudisha kama maneno yangerudishwa.

Kesho yake tukapiga sima. Ilikuwa siku nzuri, hilo sitalikana. Watu waliimba. Upande wa barabara wote, kutoka mlangoni hadi kona ya kaskazini, tuliziba mpaka hapakubaki tundu la kupitisha mjusi. Sima ilipoishia hapo, tukaahidiana kuendelea na pande nyingine mwaka ujao. Nilirudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara nikautazama ukuta, mweusi wenye mistari ya kijivu, nikaona umependeza. Baba hakuja.

Mvua zilianza mwezi uliofuata, na zilikuwa mvua za kweli. Baba aliendelea na mzunguko wake, na siku moja alinipigia simu darasani, jambo asilolifanya kamwe. "Ukuta yako imeota tumbo," akasema. Nikamwambia nitakuja wikendi. Hata kabla ya wikendi mlima ulitetemeka asubuhi, tetemeko dogo tu, lile ambalo mjini tunalisikia, tunatazamana, kisha tunaendelea kunywa chai. Upande wa barabara wa Kambi ya Mawe ukamwagika kwa mara moja, kutoka mlangoni hadi kona ya kaskazini, pale pale sima ilipoanzia na pale pale ilipoishia. Pande tatu zilizobaki hazikupoteza hata jiwe.

Chini ya upande ule kulikuwa na kibanda cha mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi, anayeuza chai na mandazi kwa wasafiri. Dakika chache kabla alikuwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi hakukuta benchi wala jiko, alikuta rundo la mawe refu kuliko yeye. Nilipofika kwa pikipiki alikuwa amekaa kando ya barabara na kidumu chake bado kimejaa, anatazama. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema kwamba mara nyingine guu linalokaribia kuvunjika ni la jirani.

Siku ya tatu shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alikuja na watu wake. Alisema mahali hapo ni hatari, na hakuwa amekosea. Kuna mtu mwenye mashine ya kusaga kokoto aliyekuwa tayari kuchukua mawe yote, na shefu alikuwa tayari kumwachia. Nilimwomba. Akasema, "Mwalimu, miye sina ubaya na kambi. Lakini ukuta ikiua mutu, wataniuliza miye. Nakupatia mwezi moja. Musipoijenga tena na batu wakaiamini, inaenda ku kokoto." Nilihesabu pande tatu zilizosimama, zilizokuwa zimesimama tangu enzi za babu ya baba yangu, na nikajua kwamba zitasagwa kwa sababu ya upande wangu mmoja.

Masoni wote niliowauliza Goma wanajua kujenga kwa mawe ya volkano, ila kwa sima. Mmoja wao aliniambia wazi kwamba kuta kavu za namna ile anayezijua ni mzee mmoja tu, anakaa Kibati. Nikaenda Kibati. Njiani nilipanga hotuba ya kuomba msamaha, nzuri, yenye utangulizi na hitimisho. Nilipofika mlangoni nikasema tu, "Papa, nimeharibu."

"Nimeona," akasema. Akainua mikono yake miwili mbele yangu, vidole vimepinda kama mizizi ya muhogo. "Hii haiwezi tena kuinua hata ndoo. Ni weye utajenga."

Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema anajua, na kwamba nitakuwa mwanafunzi vizuri sana kwa kuwa wanafunzi nimewaona wengi. Huo ndio utani pekee alionifanyia kuhusu jambo lile, na niliustahili.

Direkta alinipa ruhusa ya mwezi. Siku ya kwanza baba aliketi kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya rundo, kofia machoni, akanifundisha sheria za kazi. Kuta ni mbili, zinazotazamana, na katikati zinajazwa mawe madogo yaliyopangwa kwa mkono, si kumwagwa. Kila jiwe likalie mawili, na mawili yalikalie moja. Kila baada ya mistari michache unalaza jiwe refu linalofika kuta zote mbili, lizishikanishe. Ukuta uegemee ndani kidogo, "sawa mutu mwenye anasikiliza." Na sheria kubwa kuliko zote: jiwe ukishaliinua kutoka chini, hulirudishi chini. Unalizungusha mikononi mpaka ulipatie pahali. Hakuna jiwe baya, alisema baba, kuna masoni mvivu wa kuzungusha.

Mtu asiyewahi kushika jiwe la volkano asidhani natia chumvi. Lina matundu, na kila tundu lina meno. Siku ya pili glavu zilikwisha, siku ya nne ngozi nayo ikaanza kwisha. Nililala na mafuta ya ng'ombe mikononi kama alivyokuwa akilala baba nilipokuwa msichana, na ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza harufu ya utoto wangu ilikuwa harufu ya nini. Mama alicheka, akasema sasa nyumba ina masoni wawili na mpishi mmoja.

Kilichonisumbua zaidi ni sima. Kila jiwe nililookota kwenye rundo lilikuwa na kipande cha sima yangu kimegandia, na ilibidi nikigonge kwa nyundo mpaka kitoke chote. Baba hakuruhusu kibaki hata cha ukubwa wa ukucha. Asubuhi nzima nilikuwa nagonga, na wasafiri waliokuwa wakipita na mizigo ya Bunagana walisimama kutazama. Mmoja aliniuliza ni nani mjinga aliyeweka sima mahali kama hapa. Nikamwambia ni mwalimu mmoja wa Goma.

Juma la pili nilianza kujiona fundi. Mistari ilipanda, nikawa nachagua mawe kwa haraka, nikawa hata napiga mluzi. Siku ya nne ya juma hilo baba alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja, akapitisha kiganja kilichopinda juu ya kazi yangu kama alivyofanya miaka yote. Akasimama mahali pamoja. "Hapa mawe inafuatana," akasema. Viungo vya mawe vilikuwa vimepangana kimoja juu ya kingine, mstari juu ya mstari, ufa mmoja wima uliojificha vizuri. Nilijua. Nilikuwa nimeuona asubuhi ile nikajiambia si kitu.

"Ni kidogo, Papa."

"Ndiyo, ni kidogo."

Alirudi akaketi. Nilisimama pale nikitumaini ataongeza neno ili nibishane naye, na hakuongeza. Nikabomoa kazi ya siku nne. Nililia nikiwa nabomoa, kwa hasira, sifichi, na yeye alitazama barabara kama mtu aliyekuja kuhesabu pikipiki. Lakini nilipoweka jiwe la kwanza upya, lilikaa kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti fupi, ya mlango mzuri unaofungwa. Nikamgeukia. Aliitikia kwa kichwa mara moja.

Tangu siku hiyo nilianza kuwaona wale wachungaji. Ndani ya sehemu iliyosalia, pale ukuta wao ulipokutana na wangu, niliona jinsi walivyochagua. Kulikuwa na jiwe moja lenye umbo gumu, lenye nundu, ambalo mimi ningelitupa mbali. Mtu fulani, mgongo ukiuma, ofisa akimsimamia, alikaa na jiwe lile akalizungusha mpaka akapata kwamba nundu yake inaingia sawasawa katika shimo la jiwe la chini. Ndani kabisa ya ukuta, ambapo hakuna ofisa atakayeona. Niliweka mkono wangu pale. Nimesoma habari za wafalme na majenerali, nimezifundisha, nimezitungia mitihani, na sijawahi kumheshimu mmoja wao kama nilivyomheshimu mtu yule nisiyemjua.

Tulimaliza siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Shefu alikuja, na watu wa Kibati wakaja, na wasafiri wakasimama. Shefu aliusukuma ukuta kwa bega, akasema unaonekana mzuri. Kisha akamgeukia yule mama wa chai, ambaye wakati wote huo aliuzia ng'ambo ya barabara, juani, akamwuliza kama atarudisha kibanda chake pale.

Mama wa chai alinitazama mimi, akautazama ukuta. "Munisamehe, mwalimu," akasema. "Miye hapo sirudi."

Shefu alikuwa ameniambia tangu mwanzo, tuijenge na watu waiamini, na hapa mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa haamini. Ningesema nini, kwamba nina diploma?

Baba aliomba benchi la mama wa chai, lile jipya. Vijana wawili walilivusha barabara. Akawaelekeza waliweke katikati ya upande wangu, mahali palipokuwa parefu kuliko pote, karibu kabisa. Akaketi, akaegemeza mgongo wake na kisogo chake kwenye mawe, akaweka mikono yake mibovu mapajani, akavuta kofia usoni. Wote tulidhani anataka kusema jambo. Tukangoja. Baada ya muda tukasikia anakoroma.

Sijawahi kuogopa namna ile. Mimi ndiye niliyelijua kila jiwe lililokuwa juu ya kichwa chake. Nililijua lile nililolizungusha mara kumi na lile nililolizungusha mara mbili tu kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Nilitaka kumwamsha, nikapiga hatua, na shefu akanishika mkono. Baba alikuwa analala usingizi wa kweli, mdomo wazi kidogo, kifua kikipanda na kushuka, kama mtu aliyelala chini ya kazi ya babu yake.

Mama wa chai alibeba birika lake, akavuka barabara polepole, akaketi kwenye ncha ya benchi, taratibu asimwamshe. Akaanza kupanga vikombe. Nami nikawapa watu mgongo nikalia, maana katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniamini kiasi kile.